Boliti ya Mwisho na Jua la Ijumaa

Gari la shemeji yangu lilifika kwangu, hapa Rodi Kopany, likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika usukani, kioo kimeteremshwa, anawapungia mkono watu wa sokoni kana kwamba yeye ndiye anayelivuta lori. Nilizima mashine yangu ya kusaga unga, nikawaomba wateja wanivumilie, nikaenda kumfungulia lango.

Shemeji huyu ni ndugu mdogo wa mke wangu. Anaishi Kisegi, na pikapu hiyo ndiyo kazi yake. Hubeba nyanya za wakulima hadi sokoni, na nyanya zikipungua hubeba omena, dagaa wa ziwani. Kabla hajaipata alikuwa akisimama barabarani na makreti yake, akingoja mwenye gari amhurumie, na nyanya haingoji huruma ya mtu. Nyumba aliyojenga, watoto anaosomesha, hata sauti kubwa anayoongea nayo, vyote vimetoka kwenye ile pikapu.

"Imechoka kidogo tu, shemeji," aliniambia akiteremka. "Ilikuwa inachemka."

"Imeanza kuchemka lini?"

"Kuchemka, ilianza zamani. Lakini kusimama, imesimama juzi."

Nilifungua kifuniko cha mafuta ya injini, nikachomeka kidole. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maana yake ni moja tu: maji yamepita mahali yasipotakiwa, na gasketi iliyo kati ya injini na kichwa chake imeungua. Kichwa hicho, ambacho mafundi wetu hukiita hedi, ni pande zito la chuma lililofungwa juu ya injini kwa boliti ndefu kumi. Gasketi haibadilishwi mpaka hedi itoke, na hedi haitoki mpaka boliti zote zitoke.

"Radieta umekuwa ukiijaza maji gani?" nilimuuliza.

"Maji tu."

"Ya wapi?"

"Ya ziwa. Si ndiyo iko karibu?"

Miaka yote hiyo alikuwa akichota maji ziwani kwa dumu na kuyamimina kwenye radieta. Nilipoifungua nilikuta tope, na ndani ya tope nikakuta gamba la samaki, zima kabisa, linang'aa. Nilimwonyesha. Alilitazama, akasema, "Huyo ni ngege," kisha akaenda kumsalimia dada yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuziogopa zile boliti. Injini iliyonyweshwa maji ya tope hushikwa na kutu kutoka ndani, mahali ambapo brashi haifiki.

Niseme kidogo nilivyojifunza kazi hii, kwa sababu sikufundishwa na mtu. Shule niliiacha mapema. Baadaye nilinunua mashine ya kusaga unga, na mashine hiyo ilikuwa na injini ya dizeli iliyokataa kuwaka kila msimu wa mvua. Fundi aliyekuwa akija kuitazama alikuwa na majibu mawili: ama ni pampu, ama ni Mungu. Siku moja, kwenye vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini mjini Homa Bay, nilipata kitabu cha ufundi wa injini, kurasa za mwanzo zimeng'olewa. Nilikisoma kwa penseli na kamusi, aya moja kwa jioni. Nilifungua, nikafunga, nikakosea, nikarudia. Injini ya mashine nimeifungua hadi uti wake wa mgongo na kuirudisha, na inasaga. Lakini ya gari sikuwa nimewahi kuigusa, na shemeji alilijua hilo.

"Kwa nini hukumpelekea fundi wa magari?" nilimuuliza.

"Nimewapelekea wawili," alisema. "Wa kwanza alisema niuze. Wa pili alisema niuze haraka."

Na kweli alikuwa tayari ameanza kuuza. Kuna mnunuzi wa vyuma kuukuu anayepita huku na lori lake. Yeye huenda hadi Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, akazoa vyuma vilivyolika vya mashine za kusagia mawe, na wakati wa kurudi hupita Rodi. Shemeji alikuwa amempa neno lake: Jumapili mchana atakapopita, ikiwa hedi bado iko juu ya injini, abebe pikapu nzima, ihesabiwe kwa uzito wake kama chuma kingine chochote. Ikiwa hedi imetoka na injini chini yake ni nzima, basi gari litabaki.

"Lakini kwa nini umpe siku?" mke wangu alimuuliza mdogo wake.

"Dada, nisipojiwekea siku, hii gari itakaa hapa kwenu mpaka kuku waitagie mayai. Na mimi nitarudi kusimama barabarani na makreti nikisema bado natengeneza."

Kwa desturi yetu ndugu wa mke akija kwako ni mgeni wa heshima. Hashikishwi kazi, na jogoo huchinjwa. Jogoo nilimchinja. Lakini asubuhi iliyofuata nilimpa mgeni wangu ovaroli, na mama mmoja aliyeleta mahindi yake asagiwe alisimama getini akashika mdomo.

"Umemvalisha shemeji yako ovaroli?"

"Amejivalisha mwenyewe, mama," shemeji alijibu kutoka chini ya gari. "Mimi ni mgeni wa heshima. Heshima yenyewe ndiyo hii iko na grisi."

Tulifanya kazi kwa utaratibu. Nilitoboa matundu kwenye katoni ya sabuni kwa mpangilio uleule wa boliti kwenye hedi, ili kila itakayotoka ichomekwe kwenye tundu lake na isichanganyike na nyingine. Kabla ya kugusa chochote nilichora kwa msumari mstari mwembamba juu ya kila boliti, ukavuka hadi kwenye chuma cha hedi. Mstari ukikatika, ujue boliti imezunguka, hata kama ni kwa unene wa ukucha. Shemeji aliona kazi hii ya kuchora ni ya mtu asiyetaka kuanza.

"Hapa unafungua gari ama unaipima suti?"

Boliti hazifunguliwi ovyo. Unaanza na za pembeni, unaingia kuelekea katikati, na kila moja unailegeza kidogo tu kabla ya kwenda kwa inayofuata, ili hedi isipinde. Nyingi zilitii. Zilikuwa zinatoa mlio mkali, kama mlango wa ghala usiopakwa mafuta, halafu zinalegea. Ule mlio niliupenda. Chuma kinacholia namna ile ni kutu inayovunjika. Chuma kinachozunguka kimyakimya, huku mkono wako unahisi kama unakanda ugali, ni boliti inayorefuka na kuwa nyembamba, na baada ya hapo hukatika. Nilimweleza shemeji tofauti hiyo. Alisema ameelewa.

Ijumaa alasiri ilibaki moja. Ilikuwa ya nyuma kabisa, upande wa kulia, karibu na ukuta wa kabati la injini, mahali ambapo mkono unaingia lakini jicho halioni vizuri. Maji yalikuwa yamevujia hapo kwa miaka. Niliisugua kwa brashi ya waya. Niliigonga kichwani kwa nyundo na kipande cha shaba, mara nyingi, si kwa nguvu, ili kutu ishtuke. Niliimiminia mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya gia. Kisha nikachukua boliti mbili za jirani yake kutoka kwenye katoni, nikazirudisha na kuzikaza kiasi, ili ziipunguzie mzigo. Nikaweka soketi na mpini mrefu, nikavuta. Haikusogea. Shemeji akavuta. Gari lilisogea, boliti haikusogea.

"Hii imeoa hapa," alisema.

Ikikatika, kipande kitabaki ndani ya injini, na kwa vifaa nilivyo navyo nyumbani singeweza kukitoa. Tulilijua hilo wote wawili.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu. Mimi ni Msabato. Jua la Ijumaa likizama, spana zinafutwa, zinaingia kwenye sanduku, na sanduku linafungwa hadi jua la Jumamosi lizame. Na si mikono peke yake inayopumzika. Mazungumzo ya kazi nayo yanafungwa. Mke wangu alizaliwa Mkatoliki na akawa Msabato alipoolewa, na kama wengi walioingia kwa mlango huo, yeye ndiye mlinzi wa mlango. Shemeji amebaki Mkatoliki. Yeye siku yake ni Jumapili, na mama yao aliwalea kwa sheria yake mwenyewe: Jumapili mikono haifanyi kazi, ila mdomo haukukatazwa.

Kwa hiyo tulikuwa tumegawana. Jumamosi injini ingekuwa mikononi mwake, Jumapili mikononi mwangu. Tuliona ni mpango mzuri, gari litafanyiwa kazi kila siku. Hatukufikiria kwamba mwenye mikono na mwenye maelezo hawangekuwa mtu mmoja.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa la jirani. Nilikuwa nikifuta spana huku nikimpa maagizo ya kesho. Njia niliyotaka aifuate ni hii: boliti iliyogoma usianze kwa kuilegeza. Ikaze kwanza kidogo sana, unywele mmoja, ili kutu ipasuke upande ambao haikutarajia. Ukihisi imeshtuka, acha kukaza papo hapo, ilegeze, irudishe tena, ilegeze, taratibu, kwa mpini mfupi. Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Niliyosema ni haya:

"Kesho, kabla ya kujaribu kuifungua, kwanza ikaze..."

"Baba," mke wangu aliita kutoka mlangoni. "Jua limezama."

Nilitazama. Lilikuwa limezama. Nikafunga mdomo, nikafunga sanduku, nikaenda kuoga. Wakati wa wimbo wa kwanza wa kufungua Sabato nilikumbuka kwamba sentensi yangu imebaki uani bila miguu. Lakini nilijiambia shemeji ni mtu mzima, na mtu mzima akisikia neno "kaza" kuhusu boliti anayotaka kuifungua, ataona halina akili na ataliacha.

Jumamosi tulirudi kutoka kanisani mchana. Shemeji alikuwa ameketi barazani, ovaroli imepasuka begani, anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Shemeji! Imesonga!"

Nilifungua kinywa, na mke wangu, ambaye alikuwa bado ana Biblia mkononi, aliniangalia. Nilikifunga.

"Mimi nilifanya vile ulisema," aliendelea, akitufuata mezani. "Ukisema kaza, mimi nakaza. Nikakaza na ule mpini, ikakataa. Nikaenda kwa jirani, nikakopa bomba ya maji, ile ndefu, nikaingiza kwa mpini."

Nilishika kijiko. Bomba la jirani ninalijua. Ni refu kuliko mimi. Kwa bomba lile mtu anaweza kukaza boliti mpaka ikatike kichwa na bado akadhani anafanya kazi nyepesi.

"Nikaweka mguu moja kwa bampa. Nikavuta hivi." Alinyanyuka akaonyesha, sahani ya mchuzi ikanusurika. "Ovaroli ikapasuka. Nikavuta tena. Halafu, shemeji, ikasonga. Kidogo! Lakini nilisikia kwa mkono."

Alisema kila kitu. Alisema rangi ya bomba. Alisema nani alipita barabarani na akamwambia nini. Hakusema jambo moja tu nililohitaji kulijua: ililia, au ilizunguka kimya? Ikiwa ililia, basi kutu imepasuka na tumepona. Ikiwa ilikuwa laini na kimya, basi ile boliti ilikuwa imerefuka shingo na Jumapili ingekatika mkononi mwangu, na jioni yake pikapu ingekuwa juu ya lori pamoja na vyuma vya Osiri.

Swali lenyewe lilikuwa neno moja. Nililizungusha mdomoni pamoja na ugali. Nikajaribu kupita kwa mlango wa nyuma.

"Asubuhi hapa nyumbani," nilisema, "kulikuwa na utulivu? Au kulikuwa na makelele ya aina yoyote?"

Mke wangu aliweka bakuli chini. "Hiyo ni spana," alisema.

"Nimeuliza habari za nyumbani."

"Hiyo ni spana imevaa koti."

Shemeji alicheka hadi akakohoa. Aliijua sheria ile, na sasa alikuwa ameanza kuifurahia. Alasiri yote alikuja na kurudi karibu na kiti changu akitamka mambo hewani, kama mtu anayejisemea. "Bomba ya jirani iko poa sana." "Sijui nikaze tena kidogo?" Aliposema hilo la pili nilisimama wima, nikatembea hadi kwenye gari, nikachukua soketi iliyokuwa bado juu ya boliti, na kuiweka mfukoni mwa koti langu la kanisani. Sikutamka neno. Mke wangu aliliona hilo na akageuza uso upande wa jikoni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jua lilipozama sikungoja hata wimbo wa kufunga uishie vizuri.

"Ililia?"

"Nani?"

"Boliti! Ilipozunguka, ilitoa mlio, au ilinyamaza?"

Shemeji alikunja uso, akafikiri kwa uaminifu wote. "Sijui, shemeji," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimewasha redio."

Jumapili nilisubiri mwanga uwe wa kutosha, kwa sababu boliti ya aina ile haichokozwi kwa tochi. Shemeji alikwenda misa ya kwanza. Nilipangusa mafuta na kutazama mstari wangu. Ulikuwa umekatika. Nusu iliyokuwa kwenye hedi imebaki pale pale, na nusu ya kwenye boliti imesogea kulia, kwa unene wa ukucha kamili. Ilikuwa imekazwa kweli. Nilikaa nikiutazama ule mstari kwa muda mrefu, lakini mstari hausemi kama boliti imezunguka yote hadi chini, au imejinyonga shingoni tu.

Lori la vyuma lilifika kabla ya wakati. Huko Osiri hakukuwa na mzigo mwingi, mnunuzi mwenyewe alieleza. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vizuri kuliko kazi yake. Alizunguka pikapu, akagonga mlango kwa vidole, akainama kutazama chesisi, akaridhika.

"Mzee, hii imeiva," alisema.

"Bado mchana haujafika," nilimjibu.

"Sina haraka." Mke wangu alimletea kiti na chai, naye akakaa mahali penye kivuli akinitazama, kama watu wanavyotazama kinyozi.

Shemeji alirudi kutoka misa na kuliona lori. Alisimama kando ya gari katika suruali yake nzuri, mikono ameificha nyuma ili isijisahau.

Niliweka mpini mfupi. Nilivuta kushoto, bila kishindo, nikiongeza uzito polepole. Hakuna. Nikaongeza. Kisha ikatoka sauti, nyembamba, kali, kama mlango wa ghala.

"Imelia!" shemeji alipiga kelele.

Nilitazama mstari. Nusu mbili zilikuwa zinarudiana. Zikakutana, zikawa mstari mmoja tena, zikapitana kidogo upande wa pili, na hapo boliti ikakwama. Lakini sasa nilijua. Isingerudi hivyo kama ingekuwa imerefuka shingo. Ule mkazo wa bomba ulikuwa umeipasua kutu. Sikumwambia shemeji mara moja, kwa kuogopa atakavyosema.

"Usivute zaidi," alisema kwa woga. "Ama vuta. Ama rudisha kidogo. Shemeji, mimi nikiwa wewe..."

"Mikono yako iko wapi?"

"Nyuma."

"Vizuri. Nataka mshumaa."

Hilo nilikuwa nimelisoma kwenye kitabu na sijawahi kulijaribu. Nilipangusa mafuta ya taa yote kwanza, nikamimina maji ya sabuni, nikakausha, maana mafuta ya taa na moto si wa kukaa pamoja. Nilichukua kipande cha nondo kilichokuwa kwenye jiko la makaa tangu asubuhi, kimeiva chekundu, nikakigandamiza juu ya kichwa cha boliti hadi chuma kikapata joto. Nta ya mshumaa ikigusishwa kwenye chuma cha moto hivyo huyeyuka na kuzama kwenye nyuzi za boliti, ndani kuliko mafuta yanavyofika. Lakini nyumbani kwetu siku hizi kuna stima na taa ya sola. Mshumaa haukuwepo.

Shemeji alifungua mkoba wake wa kanisani, akatoa kipande cha mshumaa kilichotumika nusu.

Mke wangu alicheka. "Leo Msabato ataokolewa na mshumaa wa Mkatoliki."

"Ni wa dukani, dada," shemeji alisema. "Umekaa tu karibu na rozari."

Niligusisha nta. Ilivuta moshi mdogo, ikapotea kwenye ukingo wa boliti kana kwamba imenyonywa. Nikarudisha kulia kidogo, nikavuta kushoto. Kulia, kushoto. Kila safari ya kushoto ilikuwa ndefu kuliko iliyotangulia, na kila mara ililia. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amesimama, kikombe mkononi, na bila kujua alikuwa akiinamisha kichwa upande ninaovuta.

"Inakuja," alisema. "Mzee, inakuja."

"Wewe uko upande gani?" shemeji alimuuliza.

"Mimi natazama tu, omera. Boliti ikitoka, imetoka."

Ilitoka. Niliimalizia kwa vidole, ndefu, nyeusi, imevaa kutu kama gunzi la mahindi yaliyoungua. Niliipima kwa macho dhidi ya nyingine. Haikuwa imerefuka wala kupungua shingo. Nikaiweka kwenye tundu lake kwenye katoni, nikazitoa zile mbili za jirani, na mimi na mnunuzi wa vyuma, kwa kuwa shemeji hakuruhusiwa, tukainyanyua hedi. Chini yake gasketi ilikuwa imeungua mahali pamoja, kama nilivyotarajia. Nilipitisha rula ya chuma juu ya injini, kila upande. Ilikuwa nyoofu. Kuta za ndani zilikuwa laini.

"Ni nzima," nilisema.

Shemeji hakuruka. Alichutama kando ya gurudumu katika suruali yake nzuri, akafunika uso kwa kofia, akakaa hivyo. Mke wangu alimwekea mkono begani. Baadaye shemeji alisimama, akamshika mnunuzi wa vyuma mkono na kumshukuru kwa Kijaluo, "Ero kamano, lakini leo hubebi." Yule bwana alicheka, akaomba ile radieta ya zamani, akapewa, pamoja na gamba lake la samaki.

Ndipo nikamweleza shemeji kwamba kukaza kwake ndiko kulikoiokoa boliti, ingawa kwa bomba lile kulikaribia kuiua, na kwamba siku ya Ijumaa sentensi yangu ilikuwa na sehemu ya pili. Nilimsomea yote, kuanzia "kwanza ikaze" hadi "kwa mpini mfupi." Alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa hiyo ingine yote ulikuwa unaiweka wapi?"

"Jua lilizama."

"Basi shemeji, Ijumaa uwe unaanzia nyuma."

Ilichukua siku kadhaa kumaliza: gasketi mpya, boliti mpya zote, radieta nyingine, na dumu la maji ya mvua ambalo aliapa kutembea nalo. Iliwaka mara ya pili tu, ikatoa moshi mweupe, ikatulia. Aliondoka kwa barabara ya Homa Bay akipunga mkono kama siku ile alipofika, isipokuwa mbele yake hakukuwa na lori wala kamba. Ile boliti ya nyuma aliiomba. Inaning'inia kwenye kioo chake, pamoja na rozari, na kwenye matuta hugongana. Nyanya zinafika sokoni zikiwa ngumu bado.

Na kwangu Ijumaa jioni, ninapofuta spana, mke wangu husimama mlangoni kabla jua halijagusa paa la jirani.

"Baba, kuna sentensi yoyote imebaki huko nje?"

Huwa natazama uani kwanza, ndipo namjibu.